Mtihani Katika Mwaka wa Kususiana

Mwatum hakupita nyuma. Njia ya uani ilikuwapo, inakata kwenye migomba, na ndiyo waliyopita wote waliokuwa bado na haja kwa Mwalimu Hamood: anayetaka kuandikiwa barua ya Kiingereza, anayetaka kusomewa karatasi ya dawa. Walikwenda kwa kunyata, wakarudi kwa kunyata. Yeye alipita barabarani, adhuhuri, wanaume ndio kwanza wanatoka msikitini, kitabu mkononi bila ya kukifunika kanga. Akagonga mlango wa mbele kama mtu aliyetumwa na serikali.

"Hodi, Mwalimu!"

Gumzo la kwenye baraza ya msikiti lilikatika ghafla, kama redio iliyoishiwa betri.

"Karibu," ilijibu sauti ya ndani. "Umechelewa dakika nne."

Tusifichane. Tangu uchaguzi wa tisini na tano, kijiji kile cha Wingwi kilikuwa kimepasuka, na upande mmoja wa mpasuko alisimama mtu mmoja tu. Hamood, mzee mwenye asili ya Manga, kwa Waarabu, alisomesha Kiingereza miaka thelathini, kisha akakubali kusimamia kituo cha kura. Watu wakasema kura zao zililiwa naye anaangalia. Wakamsusia. Haamkiwi, haitikiwi, haalikwi. Mkewe, Bi Ghaliya, alipofariki, jeneza lilibebwa na watu sita, na wanne kati yao walikuwa wageni.

Kura ya Mwatum ilikwenda kule kule zilikokwenda za kijiji kizima. Lakini alikuwa na mtihani.

Ulikuwa mtihani wa kuingilia shahada ya uzamili, fasihi ya Kiingereza, chuo kikuu cha bara. Watahiniwa zaidi ya mia mbili, nafasi za ufadhili mbili. Mwisho wa umri miaka arobaini, naye arobaini anaitimiza mwezi wa Rajabu. Alishaufanya mara mbili na mara zote mbili alianguka pale pale: unapewa shairi hujapata kuliona maishani, na saa moja ya kulichambua. Kwa mwalimu wa skuli ya shamba, anayesomesha watoto sitini kwa kitabu kimoja kilicholiwa na mchwa, mashairi asiyopata kuyaona yalikuwa mengi mno. Hamood alikuwa na kabati zima.

"Soma," alisema mzee.

Akasoma.

"Haya, niambie."

"Mshairi anataka kutuonesha kwamba..."

"Anataka! Umezungumza naye lini?" Hamood alipiga meza kwa kiganja. "Mtu kaandika mistari kumi na minne, wewe unakwenda kumpekua moyo. Soma tena. Niambie wapi umejikwaa."

Alisoma tena, taratibu, kidole juu ya karatasi.

"Mstari wa tisa," alisema. "Anataja mkono. Minane yote ya mwanzo ni mvua na mawe, hakuna mtu. Ghafla mkono."

"Ehe! Sasa umefika mlangoni. Ingia."

Alipokuwa anaingia, kalamu inakwenda, mzee alisema bila ya kumtazama, "Hujaniuliza habari ya zile kura."

"Sikuja kwa kura, Mwalimu. Yangu unajua ilikokwenda."

"Najua." Akaigeuza saa ya mezani imwelekee mwanafunzi. "Umebaki na dakika arobaini."

Siku ile ile, baada ya alasiri, Mzee Mjaka alifika kwa kina Mwatum. Alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama chao, na hakuwa mtu mbaya. Alikaa ukingoni mwa baraza, na kahawa akaikataa.

"Mwalimu Mwatum, sikuja kugomba. Mwanangu Suhail alilala ndani miezi saba kwa uchaguzi ule. Katoka, sikio moja halisikii. Hilo unalijua."

"Nalijua, Mzee Mjaka. Nililia pamoja nanyi."

"Basi kwa yule unafuata nini?"

"Mashairi."

Mzee alimkazia macho, anatafuta tusi lilipojificha. "Mashairi! Hapa hayapo? Kila harusi kuna ntu anaghani mpaka tunamwomba anyamaze."

"Nafuata ya Kiingereza, mzee."

"Haya. Ukiingia mlango ule tena, na nyumba hii imeingia kwenye kususiwa. Wewe na mamako."

Mama, Bi Tatu, alikuwa ndani na alisikia kila neno. Kesho yake, adhuhuri, Mwatum aligonga mlango wa mbele, akaita hodi mpaka wa msikitini wakageuka.

Mtihani ulikuwa Jumamosi. Alhamisi karafuu zao zilichumwa, magunia manne, yakashushwa uani. Karafuu mbichi hazingoji mtu. Zisipotenganishwa na makonyo, vile vijiti vya kishada, siku ile ile, hupata moto ndani kwa ndani na kuvunda. Ndiyo maana nyumba yenye karafuu haikosi wanawake jioni: kila mmoja na ungo wake, na umbeya wake. Bi Tatu alitandika majamvi matatu. Alasiri ikapita. Hakutokea hata mmoja.

"Tazama," alisema Bi Tatu. "Yaambie mashairi yako yaje yachambue."

"Yatakuja, mama."

"Usinifanyie stihizai! Mie kususiwa kwenye harusi sijali, pilau lenyewe siku hizi limejaa mawe. Nnahofia jeneza. Nkifa leo ntabebwa na nani? Wewe na kitabu chako?"

Mwatum alishika kishada, akakikunja kwenye kiganja, karafuu huku, konyo kule. Akashika kingine. Kazi ilikuwa nyingi.

Hodi iliyofuata ilikuwa ya mwanamme. Hamood alisimama mbele ya nyumba, kanzu imefifia, ungo kwapani. Kaja kwa barabara, mchana kweupe, mbele ya macho ya kila mtu.

Bi Tatu alisimama. Miaka minne hakupata kumjibu mtu huyu.

"Maziko ya nkeo sikuja," alisema mwisho, badala ya kumkaribisha. "Na Ghaliya ndiye aliyenizalisha huyu."

"Najua, Bi Tatu. Karafuu zinapata moto. Nikae wapi?"

Kisha Bi Tatu akakisukuma kigoda kwa mguu, kidogo, upande wake.

Walichambua. Hamood hakuijua kazi ile, vidole vyake vilikuwa vizito, lakini mdomo haukupumzika. Aliuliza maswali kwa Kiingereza na Mwatum alijibu bila ya kuinua kichwa. Alikatizwa. Akajibu tena. Akakatizwa tena.

"Anakwambiaje?" aliuliza Bi Tatu.

"Anasema jibu langu bovu."

"Nawe wakubali?"

"Sikubali."

"Basi mwambie, umekaa tu!"

Mwatum akamwambia. Alisema kwa muda mrefu, na vishada vinakatika mikononi mwake kwa hasira, mpaka Hamood akabaki na cha kwake hewani.

"Andika hivyo hivyo Jumamosi," alisema mzee.

Magharibi ilipoadhiniwa, gunia moja zima lilikuwa bado. Bi Tatu alilitia mkono, akausikia moto wake. Akaliburura mwenyewe hadi barabarani, mbele ya nyumba, akalimwaga pale.

"Hili fungu lao walilokataa kuja kulichambua," alisema. "Na livundie hapa walinuse."

Jumamosi alfajiri, Bi Tatu alivaa buibui amsindikize mwanawe njiapanda. Gari kutoka Konde hupita saa kumi na mbili na nusu, na jingine lisingemfikisha mjini Chake kabla ya mtihani kuanza. Kwenye baraza ya msikiti walikuwapo watano, na vikombe vya kahawa, Mzee Mjaka katikati.

"Asalaamu alaykum," alisema Bi Tatu.

Hakuna aliyeitikia. Mwatum aliendelea kwenda, kisha akagundua anakwenda peke yake.

"Mama, twende."

"Nimetoa salamu."

"Hawaitikii, mama. Wajua hawaitikii."

"Kuitikia ni wajibu. Sijaona aya iliyotaja tawi." Akainua sauti. "Asalaamu alaykum!"

Mmoja alitazama ndara zake. Honi ililia ng'ambo ya mashamba.

"Mama!"

"Nenda. Usinifanye mie sababu. Wende ukawaandikie."

Mwatum alikimbia. Utingo alimvuta mkono juu, gari halijasimama sawasawa, na alipopata pa kushika akageuka. Mamake alikuwa bado katikati ya barabara, mdogo, mweusi ndani ya buibui, mikono kiunoni, kaielekea baraza.

"Asalaamu alaykum, Mzee Mjaka bin Hija!"

Kikombe cha Mzee Mjaka kilikuwa kimefika mdomoni. Midomo yake ilitikisika; kama aliitikia au alikunywa tu, Mwatum hakupata kujua. Dereva akakanyaga mafuta, injini ikanguruma, gari likakata kona.