Nyumba ya Rangi ya Uji

Chungu kile kwenye katalogi ya mapambo ya nyumba kiliuzwa dola mia nne, na ndani hakikuwa na kitu. Udongo mtupu, rangi ya uji wa jana, mdomo umepindishwa kidogo ili uamini kuna mzee fulani aliyekifinyanga huku akiwaza mambo mazito. Nilikitazama mpaka mume wangu, Wendell, akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia sina homa, nina hasira, kwa sababu kitu kama hicho naweza kukitengeneza hapa hapa jikoni.

Na nilikitengeneza. Unachukua chupa yoyote pana ya maua kutoka duka la mitumba la kanisa, hata ikiwa ya zambarau yenye vipepeo. Unachanganya rangi ya ukutani na bekingi soda mpaka inakuwa nzito, unaipaka ovyo ovyo, na kabla haijakauka unaisugua kwa udongo wa bustani. Ikishakauka, utadhani imechimbuliwa kwenye kaburi la mfalme. Niliiweka juu ya meza ya ukumbini, nikachomeka magugu marefu niliyoyakata kwenye mtaro wa barabara kuu huku malori yakinipigia honi. Katalogi nayo ilikuwa inauza magugu, usicheke.

Sasa niseme kwa nini nilijisumbua hivyo. Mama yetu, Verna, alianguka kwenye ngazi za nyuma za nyumba ya shambani mwezi wa saba, akakubali kuiuza. Mimi na mdogo wangu Jolene tulikubaliana akae kwangu msimu wote wa majani kupukutika, kisha siku ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, aseme mwenyewe anataka kuishi kwa nani. Nilitaka aseme kwangu. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyempeleka hospitali, lakini miaka nenda miaka rudi Mama akija mjini anashukia kwa Jolene. Nilitaka anichague mimi, mara moja tu maishani.

Nyumba ya Jolene ni balaa. Ikifika mwezi wa kumi anaweka maboga ya plastiki yenye taa mpaka juu ya paa. Kwenye kibaraza kuna sanamu la kutishia ndege lenye shati jekundu na meno. Uwanjani kuna batamzinga wa kujazwa upepo, mkubwa kuliko gari lao, na upepo wa huku Wisconsin ukimpiga anainama kama anasalimia wapita njia. Nikienda kwake naegesha gari mtaa wa pili. Nikajiambia, kama kuna haki duniani, Mama ataona tofauti.

Basi nikaanza. Kila Mama alipojilaza baada ya chakula cha mchana, mimi nilikuwa gereji na brashi yangu. Taa ya kahawia ya sebuleni nikaipaka krimu. Kigoda chake cha bluu alichokuja nacho kutoka shambani, kilichobanduka rangi huku na kule, nikakipaka rangi ya shayiri. Viti vya jikoni, fremu za picha, reli ya ngazi. Zulia jekundu nikaligawa, nikaleta la rangi ya mchanga. Sikumwambia neno. Nilitaka aamke, aingie, ashike mdomo.

Hakushika mdomo. Aliingia, akasimama mlangoni, kisha akaenda taratibu hadi kwenye kiti cha dirishani, akakaa. Siku nyingine ikawa hivyo hivyo. Hakusema ni nzuri, hakusema ni mbaya.

"Mama, umeonaje kona hii?" nikamuuliza siku moja, maana nilikuwa nimechoka kusubiri.

"Nzuri," akasema, akiangalia kabati la mabuti.

"Kona ile, Mama. Yenye chungu."

"Eeh, nzuri sana, mwanangu. Umejitahidi."

Umejitahidi! Hivyo ndivyo mwalimu anavyomwambia mtoto aliyechora ng'ombe mwenye miguu mitano. Nilikwenda jikoni nikafungua na kufunga makabati mpaka Wendell akaja kuchungulia.

"Anakuchokoza nani?" akauliza.

"Mama yangu. Ananidharau ndani ya nyumba yangu."

"Labda hapendi rangi hii. Mimi mwenyewe juzi nimekalia paka, nilidhani ni mto."

"Wendell, toka jikoni kwangu."

Mambo yakazidi. Mama alikigonga kile chungu, kikavunjika. Nikatengeneza kingine, akakigonga tena. Kikombe cha kahawa alikiweka pembeni ya meza ndogo, si juu yake, na kahawa yote ikaenda kwenye zulia. Aliacha kupanda ghorofani kuoga mchana, eti hana jasho. Akawa anashinda dirishani bila kusogea. Jioni simu ikilia ni Jolene, anacheka naye mpaka machozi, na akikata anarudi kuwa kimya. Nilijua tayari nimeshindwa, na bado nikaendelea kupaka. Nikiudhika mikono yangu hutaka kazi.

Siku moja kabla ya sikukuu niliandaa meza mapema. Kitambaa cha krimu kilichoning'inia hadi chini, nilichokikata kutoka turubai la mafundi rangi na kukifua mara kadhaa kiwe laini. Sahani nyeupe. Maboga madogo niliyoyapaka, yamelala katikati kwenye matawi makavu. Ile ya kwenye katalogi ilikuwa hivi hivi, na bei yake ungenunulia friji. Nilirudi nyuma nikaitazama, nikasema moyoni, Gretchen, hapa umeua.

Mama akatoka jikoni na pai ya maboga mikononi. Alikuwa ameianza tangu asubuhi, kwa kupapasa papasa kama kawaida yake ya siku hizo, na hakutaka nimsaidie. Alitembea hadi karibu na meza, akanyoosha mikono, akaiachia pai. Iliangukia zuliani kifudifudi, hatua moja kutoka mezani.

"Unafanya makusudi!" nikapiga kelele. Sikuweza kujizuia. "Kama hutaki kukaa kwangu sema! Usinivunjie vitu kimoja kimoja! Nimejiua kwa ajili yako miezi yote hii na hujasema hata neno moja la maana!"

Alikuwa bado amenyoosha mikono, anapapasa hewa.

"Meza iko wapi, Gretchen?" akauliza.

"Iko mbele yako, Mama!"

"Jana ilikuwepo. Ilikuwa nyeusi nyeusi, naijua. Leo hakuna kitu hapa. Ni ukungu tu."

Nikamshika mkono nikauweka juu ya kitambaa. Akakivuta kidogo kwa vidole, akausikia ukingo wa meza chini yake, akashusha pumzi.

"Macho?" nikauliza.

"Macho. Vitu vyenye rangi kali bado naviona. Vilivyofifia vinayeyuka. Unadhani kule shambani niliteleza? Ngazi zilikuwa za kijivu, na siku ilikuwa ya kijivu."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme ili mnipeleke nyumba ya wazee, mje Jumapili na keki mkitazama saa?" Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nilipokuja hapa nilikuwa najiweza. Kigoda cha bluu, nageuka kushoto. Zulia jekundu, nafika sebuleni. Halafu vikaanza kupotea. Leo taa, kesho viti. Naamka mchana, kuna kingine hakipo. Nikasema basi, yanakwisha haraka kuliko alivyosema daktari. Nikasema sitafika Krismasi nikiwa bado naona."

"Mama, nilikuwa napaka."

"Unapaka nini?"

"Vitu vyote. Ulipokuwa umelala. Vitu vyote nilivipaka rangi moja."

Alinigeuzia uso. Nilisubiri anitukane. Ningefurahi kama angenitukana.

"Nilidhani ni macho," akasema.

Tulizoa ile pai pamoja, mimi kwa mwiko, yeye kwa vidole.

Asubuhi ya sikukuu nilivua kile kitambaa nikakitupa gereji. Nikatandika mezani blanketi jekundu la mbwa la miraba, nikaleta sahani za kijani kutoka kwa jirani, nikabandika utepe wa rangi ya chungwa kwenye kila kipandio cha ngazi. Ilikuwa mbaya mno. Wendell alisema imependeza na nilimwamini, kwa mara ya kwanza mwaka ule.

Jolene akaja adhuhuri akiwa na koti la mumewe la kuwindia kulungu, lile la rangi ya chungwa linalomfanya mtu aonekane toka msituni kilomita nzima. Mama aliinuka kutoka dirishani akamwendea moja kwa moja, bila kupapasa, akamkumbatia. Tukala. Nilimweleza Jolene kuhusu macho, yeye akalia, Mama akamwambia aache upuuzi na ampe viazi.

Baada ya kula, Mama akaweka uma chini.

"Nitakaa kwa Jolene," akasema. "Kule najua niko wapi."

"Nitarudisha rangi zote," nikasema. "Ndani ya wiki moja, Mama. Kigoda na kila kitu."

"Najua utarudisha. Ukimaliza nitakuja nikague. Lakini wiki hii, mwanangu, nimechoka kuogopa."

Wendell alibeba mizigo. Nilimpeleka Mama hadi mlangoni, nikazunguka mbele yake nimfunge vifungo vya koti, maana baridi ilikuwa imeanza kuuma. Lakini Jolene alikuwa amekwisha kuvifunga, kwa hiyo nikasimama tu hapo, mgongo ukutani, nikitafuta neno la kusema. Nilikuwa nimevaa sweta yangu nzuri ya sufu, ya krimu, niliyoinunua ili ifanane na nyumba. Nilikuwa nimebadilisha meza na ngazi, mwenyewe sikujikumbuka.

Mama alisimama kizingitini. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama hapo hapo nilipokuwa.

"Gretchen yuko wapi?" akamuuliza Jolene. "Mwite. Siwezi kuondoka bila kumuaga."