Saini Ndani ya Mkaa wa Maganda

Saa moja asubuhi, huko Runazi, Bibi Speciose alikuwa akikamua ndizi kwa nyasi ili atengeneze rubisi, pombe ya ndizi. Maganda alimwekea mjukuu wake Avelina, aliyerudi kutoka chuoni na desturi ya kuyachoma kwenye pipa lililofunikwa mpaka yawe mkaa.

Mkaa huo Avelina aliupanga ndani ya ndoo, juu ya mchanga, kisha akamimina maji ya kijito. Upande wa juu wa kijito palikuwa na mwalo wa kuoshea dhahabu, na zebaki yake ilishuka hadi visimani. Ishimwe, binti wa jirani yao Priscila, alikuwa akitetemeka mikono tangu masika. Hakuweza kushika kikombe.

"Unayakimbiza maji," bibi alisema. "Rubisi haikimbizwi. Weka nyasi juu, yashuke yenyewe."

"Bibi, chuoni hawakutufundisha nyasi."

"Ndiyo maana ukarudi nyumbani."

Maji yakashuka tone kwa tone. Jumamosi walipofungua ndoo, mkaa ulikuwa umenasa punje za zebaki na saini moja ya wino wa bluu, ndefu kama uzi wa kushonea. Bibi aliitoa kwa kijiti, akaianika kwenye kamba ya nguo. Wote waliitambua. Ilitoka kwenye tangazo la mkaguzi wa maji, lililobandikwa kijitoni, lisemalo maji ni salama, na sasa chini ya tangazo hilo palikuwa peupe.

Avelina aliifunga ndani ya jani la mgomba, akampelekea mkaguzi.

"Shikamoo. Nimekuletea saini yako," alisema, akitazama sakafu.

"Marahaba. Nilikuwa naitafuta."

Mkaguzi akaiweka kwenye droo, akaenda kusaini tangazo upya.

Jioni hiyo saini mpya ilikuwa imeshanaswa. Ya tatu ilikuja na muhuri, bibi akalalamika kwamba muhuri unaziba nyasi. Kufikia mavuno ya maharage kaya arobaini zilikuwa na ndoo, na kwenye kamba za nguo saini zilikauka kando ya kanga.

Jumapili, baada ya misa, Priscila alimimina chai ya maji ya ndoo mpaka ukingoni. Ishimwe akashika kikombe kwa mkono mmoja, akavuka uwanja mbele ya wanawake wote. Halikumwagika hata tone. Priscila alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Usituringie," Bibi Speciose akasema. "Geuza hiyo saini hapo kambani, upande wa pili bado mbichi."

Ishimwe aliigeuza kwa mkono mwingine, bila kuweka kikombe chini. Kule juu mwaloni, pampu ilikuwa ikinguruma.