Jina Lililoitikiwa

Jumanne moja ya Agosti 1996, baada ya kumwagilia mizabibu, Zipora Matonya alinawa mikono kwa sabuni, akafuta meza kwa pindo la kanga, akaketi kuandika jina lake kwenye fomu ya Jenifa.

Jenifa alikuwa binti wa marehemu kaka yake. Zipora alimlea pale Hombolo tangu akiwa na miaka minne, kwa ekari moja ya zabibu na mbuzi wachache. Sasa binti alikuwa amechaguliwa kwenda chuo kikuu Morogoro, kusomea udaktari wa mifugo. Zamani, watu walisema, aliyechaguliwa alibeba sanduku lake tu, mengine yote serikali ikamlipia. Siku hizi kulikuwa na kitu kinaitwa uchangiaji. Zipora aliuza mavuno ya mwaka mzima na ng'ombe wake mmoja, vikatosha nauli, godoro na malipo ya kuanzia. Chakula na malazi vilihitaji mkopo, na mkopo ulitaka mdhamini aandike jina na kutia saini kabla ya Ijumaa.

Aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri wa darasa la saba. Jina likatulia kwa muda wa kumeza mate mara mbili. Kisha herufi ya kwanza ikanyanyuka, nyingine zikaifuata, zikateremka kwenye mguu wa meza kama siafu wanaohama, zikavuka kizingiti na kushika njia ya mjini. Karatasi ikabaki nyeupe.

"Jaribu kalamu ya risasi, shangazi," alisema Jenifa.

"Za risasi ndizo hukimbia zaidi."

Ilikuwa hivyo tangu alipokuwa na miaka kumi na minne. Katika daftari la wakulima alijulikana kama "yule mama wa kisima cha pili". Kwenye cheti cha ndoa yake, iliyovunjika baadaye, palikuwa na jina la mume na pengo. Mchungaji alimwambia asijali, Mungu anayo orodha yake. Zipora hakuwahi kuzifuata herufi hizo. Kila zilipoondoka, yeye alikuwa na kazi.

"Kama hazikai hapa, basi twende huko zinakokaa," alisema Jenifa.

Kesho yake wakapata nafasi kwenye lori la mahindi hadi Dodoma mjini. Katika ofisi ya serikali iliyopokea fomu walimkuta karani, mzee Shaban, anakunywa chai.

"Dole gumba halikubaliki?" Zipora aliuliza.

"Halikubaliki, mama. Wameandika hapa: jina kamili na saini." Akampa kalamu.

Zipora akaandika. Herufi ziliposhuka kwenye karatasi na kuanza kuivuka meza, Shaban aliinua kikombe chake zipite.

"Kumbe ni zako," alisema. "Hizi zinapita sana hapa. Mwaka jana, wakati wa kuandikisha wapiga kura, zilipita wiki nzima. Zinapanda juu, chumba namba tisa. Zifuateni, huyo mama ni mwelewa."

Kwenye mlango wa chumba namba tisa palikuwa na kibao: ZIPORA MATONYA, AFISA MWANDAMIZI. Herufi zilipenya chini ya mlango. Jenifa alikisoma kibao mara mbili. Zipora alikisoma mara moja, akabisha hodi.

Ndani alikaa mwanamke wa rika lake, amevaa suti ya kitenge na miwani. Alikuwa amevuta droo ya meza, anazisubiri herufi zipande. Droo ilikuwa imejaa: za wino wa buluu, za risasi, nyingine za chaki.

"Karibuni. Nilijua ipo siku," alisema. "Keti, dada."

"Wewe ni nani?"

"Nilizaliwa nikaitwa Lea. Baba yangu alikuwa mtunza bohari wa ushirika." Akaisukuma droo ikafungika. "Mwaka sabini na nne nilifeli mtihani wa darasa la saba. Baba akapeleka ng'ombe wawili na redio kwa mwalimu mkuu wenu. Nyinyi mkaambiwa jina lako halikutoka. Lilitoka. Siku ya kuripoti sekondari liliitwa, nikaitika mimi."

Kwa miaka ishirini na miwili Zipora alikuwa akilirudia moyoni swali moja la hesabu la mtihani ule, la pipa linalojazwa na mabomba mawili huku linavuja. Alilirudia akipogoa mizabibu, alilirudia akisonga ugali wa uwele, na kila mara jibu lilikuwa lile lile, saa sita. Akaamini kwamba basi alikosea mahali pengine. Sasa alijua hakukosea popote, wala kujua huko hakukuwa na utamu wowote. Kulikuwa kama kuonyeshwa shamba lako siku wengine walipokwisha kulivuna.

"Kwa hiyo nilifaulu."

"Ulikuwa wa kwanza kata nzima."

"Baba alikufa akiniita mvivu," alisema Zipora.

Lea alivua miwani, akaishika mapajani.

"Tunakwenda mahakamani!" Jenifa alisimama. "Leo hii!"

"Nendeni," Lea alisema bila ukali. "Mwalimu mkuu amekufa, baba yangu amekufa. Vyeti vyangu vitafutwa, nami nitafukuzwa kazi. Lakini vya shangazi yako havitaandikwa. Nilishauliza." Akaivuta tena droo. "Hizi ni zako, dada. Jaribu kuzichukua."

Zipora alitumbukiza mikono yote miwili. Herufi zilikuwa nyepesi na zenye joto kidogo, kama pumba zilizoanikwa juani. Akazijaza kwenye upindo wa kanga. Zikapenya kwenye nyuzi, zikateremka moja moja, zikarudi droo ile ile kwa utaratibu, Z ikitangulia.

"Niliwahi kuzifunga kwenye bahasha, nikazituma kwenu kwa posta," alisema Lea. "Jumatatu nikazikuta hapa, zimechoka."

Fomu ilikuwa bado mezani. Wote watatu waliitazama.

"Naweza kusaini mimi," alisema Lea. "Kwangu linakaa."

"Hapana," alisema Jenifa. "Bora nisiende. Shangazi, huu ni wizi."

"Ni wizi," alisema Zipora. "Na utakwenda. Ng'ombe nimekwisha kumuuza."

Lea akaandika: Zipora Matonya. Jina likakaa. Akatia saini, akafika mahali palipoandikwa "Uhusiano na mwombaji", kalamu ikasimama.

"Hapa niandike nini?"

Zipora alitazama nje ya dirisha, kwenye mapaa ya mabati yaliyokuwa yakimeta kwa jua.

"Andika shangazi," alisema. "Mwenye jina hilo ni shangazi yake."

Chini, Shaban aliupuliza wino, akagonga muhuri. "Sasa iko sawa," alisema.

Jenifa alikwenda Morogoro. Hakuna aliyeshtakiwa. Lea alianza kutuma sukari Hombolo kila mwezi, na Zipora akaipokea, maana sukari haikuwa na kosa. Mara mbili Jenifa aliandika barua kuuliza kama shangazi ameamua lolote kuhusu lile jambo. Zipora alimjibu, kwa barua iliyopelekwa na jirani, kwamba mbuzi hawajambo na mvua imechelewa.

Mwaka 2001 kadi ya mahafali ilitumwa kwa mdhamini, chumba namba tisa. Lea akaituma Hombolo kupitia dereva, na salamu: hii ni yako. Zipora aliazima viatu, akasafiri nayo hadi Morogoro. Getini mlinzi akaisoma kadi, akaomba kitambulisho chochote, hata cha mpiga kura. Zipora hakuwa nacho, maana hakuna kilichowahi kukubali kuandikika.

Lea alikuwa amesafiri pia, akasimama mbali kidogo, endapo atahitajika. Akasogea, akatoa kitambulisho chake.

"Zipora Matonya ni mimi," alimwambia mlinzi. "Huyu ni mgeni wangu."

Kadi ilimruhusu mdhamini kuingia na mgeni mmoja. Wakapita. Ndani, kijana wa kupanga viti aliwatenganisha: wadhamini mbele, wageni nyuma. Lea alibishana naye hadi watu wakaanza kugeuka. Zipora akamgusa mkono, akaenda kuketi safu ya kumi na tisa, kando ya nguzo.

Jina la Jenifa liliposomwa, Zipora alisimama akapiga kigelegele cha Kigogo, kirefu, cha mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bwawa. Ukumbi mzima ukakisikia. Jenifa aligeuka jukwaani kumtafuta, na ilimchukua muda kumpata, kwa sababu alianza kutafuta safu ya mbele.