Nyuki Aliyekuwa Akijipasha Moto

Pini ilikuwa imeshaelekezwa mgongoni mwa nyuki niliposema, "Mtaalamu, huyo hajafa."

Hakugeuka. "Mama, wewe maliza deki."

Miaka ishirini imepita, na hasira ile bado ina meno, ingawa mimi nimebaki na manne tu.

Walikuwa wawili kwenye friji ya maabara. Kipepeo wa nchi za baridi, mwembamba, mweusi. Na nyuki wa mlimani, mnene, mwenye manyoya kama mtoto wa paka: malkia, ambaye mfano wake haukuwa umeonekana kwa miaka tisa. Asubuhi ile Mtaalamu aliwatoa, akawaweka mezani awalinganishe, maana kesho yake wageni wangekuja kumsikiliza.

Kipepeo akatandaza mbawa juani kama bibi harusi anayesubiri kubembelezwa. Jua likambembeleza, akapepea. Mtaalamu akaandika, anatabasamu. Nyuki alikuwa upande wa kivuli, miguu imekunjwa.

"Huyu kafa."

Mimi niliinama na dekio langu, nikaliona tumbo lake likipanda na kushuka, mbiombio. Malkia yule hakungoja jua la mtu! Alikuwa akitetemeka ndani kwa ndani, kama gari linalounguruma asubuhi kabla halijaondoka. Kipepeo hupashwa, nyuki hujipasha. Tofauti aliyoitafuta Mtaalamu mwaka mzima ilikuwa chini ya pua yake, na pua yenyewe haikuwa ndogo.

"Tazama tumbo, mwanangu."

"Umesoma mpaka darasa la ngapi, mama?"

"La saba. Ila macho sikuyapeleka shule, yalikuja yanajua."

Akacheka. Akachoma.

Nyuki akavuma juu ya pini. Akavuma, akavuma, mpaka karibu saa sita mchana. Mtaalamu alifungulia redio.

Kisha akaandika kikadi: *Malkia. Alikutwa amekufa.* Alipokwenda kula nikachukua penseli, nikaongeza chini yake: *Uongo. Alikuwa anajipasha moto. Nimeona mimi, mpiga deki.*

Kesho yake mgeni mmoja, mama mwenye mvi, akavaa miwani, akakisoma kwa sauti. Mtaalamu akashikwa na kile kikohozi kisichotoka kifuani.

"Mpiga deki ni nani?" yule mama akauliza.

"Ni mimi," nikasema, nimesimama mlangoni.

Akanivutia kiti. "Hebu nieleze, dada."

Nikaanza na kipepeo. Nilipofika kwenye pini, chai yao ilikuwa imeshapoa.