Mpira Chini ya Nati

Mwaka 1974 kijiji chetu cha ujamaa, kando ya njia ya kwenda Bunda, kilikuwa na trekta moja, tela moja na dereva mmoja, Mniko. Pamba tulichuma sisi wanawake. Kuipeleka kiwandani ilikuwa kazi yake, na hakupakia mwanamke hata mmoja. Tulikwenda gulioni kwa miguu, yeye akitutimulia vumbi.

Kabla sijaolewa nilikuwa nampikia fundi Hamduni pale Mukendo, mjini Musoma. Miaka mitatu ya kupeleka chai gereji ilinitosha kujua kwamba taa za tela zikianza vituko, kwanza uangalie waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye chuma cha tela.

Jumatatu moja Mniko alipoingia ofisini kwa mwenyekiti, nililegeza nati ya waya huo, nikapachika kipande cha mpira wa baiskeli kati ya waya na chuma, nikakaza.

Kule Bunda, trafiki alimrudisha na pamba yake kwa sababu ya taa. Akikanyaga breki, indiketa zinawaka. Akiwasha indiketa, taa zote zinafifia. Siku mbili alibadilisha balbu, akabadilisha fyuzi, mwisho akawa anazipiga taa makofi. Nilimwonea huruma kidogo, si sana.

"Shemeji," nikamwambia, "nikitengeneza, utatupakia?"

"Mama Robi, wewe unajuaga nini?"

"Kanyaga breki."

Nikachukua waya mrefu, ncha moja kwenye betri upande wa hasi, nyingine kwenye chuma cha taa. Taa ikawaka nyekundu, safi. Mniko akashuka kuja kutazama, ikazima, akarudi kukanyaga tena.

"Taa ni nzima. Umeme unafika, unakosa pa kurudia," nikasema.

Nilitaka kufungua nati mwenyewe, lakini aliniwahi na spana. Kipande cha mpira kikamdondokea kiganjani. Akakigeuza, akanitazama kwa muda mrefu. Mimi nikawa nakwangua kutu kwa bidii.

"Panda," akasema. "Waite na wenzako."

Kule Bunda, trafiki alikagua taa zote, akauliza fundi ni nani. Mniko akanyoosha kidole juu ya pamba, tulipokaa wanawake saba.

Trafiki akakohoa. "Mama, pikipiki yangu nayo haiwaki taa ya mbele."

"Hiyo sijaigusa," nikasema, na Mniko akacheka mpaka akashika usukani.