Sifuri ya Kisima cha Ishirini na Tatu

Zilibaki dakika arobaini wajumbe waingie ukumbini kuamua visima gani vifungwe, na ramani yangu ilikuwa nzuri mno. Mimi ramani nzuri huzitilia shaka.

Kazi yangu ni kukisia kwa adabu. Hakuna ofisi inayoweza kupima kila hatua ya ardhi, kwa hiyo tulipima arseniki, sumu isiyo na ladha wala harufu, kwenye visima arobaini na kimoja. Palipobaki panajazwa na kompyuta: kisima cha jirani husikilizwa sana, cha mbali husikilizwa kidogo. Nyekundu ni hatari, kijani ni salama. Na katikati ya nyekundu tupu, kisima cha ishirini na tatu kilijikalia raha mustarehe na duara lake la kijani.

Ndani ya duara hilo anaishi mdogo wangu, ana mimba ya miezi saba. Mwezi uliopita, rasimu ilipotoka tu, kiherehere kilinishika nikampigia simu: acha kununua maji ya gari, chota kisimani. Nilifurahi mno, sikuuliza kitu.

Sasa nikafungua jedwali. Namba ishirini na tatu: sifuri. Hata visima safi kuliko vyote vilikuwa na kidogo. Nikashuka ngazi mbiombio hadi stoo, kwa mchukua sampuli wetu, tunayemwita Bwana Chupa.

"Hiki ulikipima kweli?"

"Hicho? Hapana, geti lilikuwa na kufuli."

"Sasa sifuri imetoka wapi?"

"Si sikupata kitu? Fomu yenyewe ukiacha nafasi tupu inakugomea, dada. Nikaweka sifuri, nikaendelea na safari."

Nilitaka kumrukia. Lakini fomu ile niliitengeneza mimi, na kwa kuizuia isikubali nafasi tupu nilijiona mjanja kweli.

Nikarudi mbio, nikaifuta sifuri, nikaiamuru kompyuta ikisie upya. Duara la kijani likamezwa lote na nyekundu. Hilo nalo ni kisio, si kipimo, lakini majirani wote wa kisima kile walikuwa wanasema jambo moja.

Mkuu wangu alikuwa tayari na nakala za ramani mkononi. "Zimeshachapishwa. Tutarekebisha wiki ijayo."

"Wiki ijayo watu watakuwa wameendelea kunywa."

Aliangalia saa, akaniangalia mimi. "Chapisha upya. Na huko ndani utajieleza mwenyewe."

Mashine ilipokuwa ikitema karatasi, nilimpigia mdogo wangu. Niliogopa waziwazi.

"Yamwage maji ya kisima. Yote. Usinywe tena, na kesho nenda kliniki."

"Lakini dada, si wewe uliyesema? Mtaa mzima nimewaambia, dada yangu ndiye anayechora ramani."

"Nilikosea. Hakikupimwa."

Nilimsikia akivuta kiti, akikaa.

"Mwezi mzima, dada?"

"Mwezi mzima," nilimjibu, na wajumbe wakaanza kuingia.