Nyasi Zilizolala Ubavu

Bernice Wojtasik alipofika Mlango C siku ya mechi ya kwanza ya msimu wa besiboli, alikuwa amembeba mumewe kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, kwa sababu mifuko ya aina nyingine hairuhusiwi. Sheria hiyo imo ukurasa wa nne wa Mwongozo wa Mgeni, kijitabu cha bure kinachogawiwa milangoni Uwanja wa Haskett, na watu wa Port Wendell wanakijua kuliko wanavyoijua katekisimu. Mfuko uonyeshe kilichomo, na uenee kwenye kisanduku cha mbao kilichopo mezani. Mwavuli hapana, ngoma hapana, chupa ya kioo hapana kabisa.

Odell, mlinda mlango, alikuwa amefanya kazi na marehemu tangu wote wawili wakiwa na nywele. Aliuinua mfuko akautazama kwenye mwanga.

"Nini hiki, shemeji?"

"Leon."

Odell aliutia mfuko kisandukuni. Ukaenea, na nafasi ikabaki.

"Amepungua," alisema.

"Mwishoni alikuwa hali kitu. Hata supu alikuwa ananirudishia."

"Haya, mpitishe. Leo kuna jua, atafurahi."

Ukurasa wa kumi na moja wa Mwongozo unakataza kumwaga majivu ya marehemu uwanjani. Odell hakuwa ameusahau, ila hakuona sababu ya kuufungua. Mjini pale kila familia ina babu yake aliyeingizwa kwa siri, huyu kwenye soksi, yule kwenye kopo la karanga, mwingine kwenye chupa ya chai. Watunza nyasi huwafagia kwa mashine baada ya mechi, na wanaosalia huchukuliwa na upepo wa ziwani hadi kwenye maegesho, ambako hukaa juu ya vioo vya magari ya watu. Hakuna anayelalamika. Mtu akiona vumbi kwenye kioo chake baada ya mechi, hulifuta kwa adabu.

Leon yeye alikuwa mwelekeza wageni jukwaa la juu. Mgeni akija na tiketi, anampeleka hadi kwenye kiti chake, anakifuta kwa kitambaa, anamkaribisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Basi wageni walikuja kwa maelfu, miaka nenda miaka rudi, na mwenyeji akaambulia mgongo mbovu. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga nyasi za kiwanjani, maana mtu wa jukwaani mahali pake ni jukwaani. Siku ya kustaafu aliomba asimame pale chini dakika moja tu. Ofisi ikasema bima hairuhusu, ikampa pete ya funguo yenye nembo ya timu. Alipougua hakutaja dawa wala padri. Alisema, "Nyasini, Bernie. Karibu na kituo cha tatu."

Wimbo wa taifa ulipoanza, watu wakavua kofia na kuitazama bendera, na Bernice akainama kwenye ukingo wa kiwanja, akafungua mfuko. Upepo wa ziwani ukanyamaza. Majivu yakashuka, yakavuka mstari mweupe kwa mwendo wa mtu asiyetaka kusumbua, yakatulia kati ya kituo cha pili na cha tatu. Bernice akaukunja mfuko, akakaa kitini, akala soseji yake kwa haradali. Mechi ikaanza, Wafuachuma, timu ya mji, wakashindwa kama kawaida yao.

Mwezi wa Mei nyasi za mahali pale zilianza kuwa za kijani kibichi kuliko nyingine, na kabla mwezi haujaisha zilikuwa na umbo la mtu aliyelala ubavu, mkono mmoja chini ya kichwa. Bernice aliliona umbo hilo kutoka kiti chake na akalitambua papo hapo, kwa kuwa alilala nalo kitanda kimoja tangu ujana wake. Watunza nyasi walikata kwa mashine asubuhi, jioni umbo likarudi. Wakaona ni kazi bure, wakaanza kulizunguka.

Mwezi wa Juni Leon akaanza kucheza.

Mchezo wenyewe hauna siri. Mmoja anarusha mpira, mpinzani anaupiga kwa gongo na kutimua mbio hadi kituo cha kwanza, na timu ya mrushaji inahangaika kuudaka iufikishe kule kabla yake. Sasa mpira wowote uliopita chini kuelekea kituo cha tatu ulikuwa unafika kwenye zile nyasi na kusimama. Mwanzoni zilikuwa zinaushika tu, mpaka kijana wa kituo cha tatu aje auokote. Baadaye zikawa zinaurusha zenyewe hadi kituo cha kwanza, tena mpira ukifika umefutwa, msafi kama yai. Waamuzi walisimamisha mechi moja, wakasoma kitabu cha sheria huku wapinzani wakinywa maji. Kitabu kinasema nyasi ni sehemu ya kiwanja. Hakisemi popote kwamba nyasi zisirushe mpira. Mechi ikaendelea, na Wafuachuma, ambao akina mama wa Port Wendell walikuwa wanawatumia kutishia watoto wavivu, wakaanza kushinda.

Jukwaani nyuma ya Bernice watu walikuwa wanabishana.

"Leo amechelewa ule mpira wa pili," alisema mmoja.

"Wewe ungeuwahi? Wewe hata basi huliwahi."

"Mimi sijafa, bwana. Mimi nina udhuru."

Bernice alicheka hadi machozi yakamtoka, na machozi yalipotoka yakakataa kukoma. Alikuwa na fahari, jamani. Alikuwa na fahari na alikuwa anamkumbuka mumewe, na vitu hivyo viwili havikai vizuri kwenye kifua kimoja.

Mwezi wa Julai klabu ikachapisha Mwongozo upya. Uliongezwa ukurasa wenye picha: Nyasi za Bahati, kituo cha saba katika matembezi ya wageni, tafadhali usivuke kamba. Viti vya upande ule vikawa vya bei ya juu, na Bernice akahamishiwa jukwaa la juu, kulekule Leon alikokuwa anafuta viti. Kutoka kule mumewe alikuwa mdogo kama ukucha. Bernice alilipia matembezi ili amwone kwa karibu, akafuata kundi la wageni wenye kofia mpya. Binti aliyekuwa anawaongoza akaeleza kwamba mbegu ilitafitiwa kwa muda mrefu na wataalamu wa klabu.

"Mbona imelala kama mtu?" akauliza mgeni mmoja.

"Ni mteremko wa udongo," alisema binti.

Mbegu! Leon Wojtasik, ambaye kila mtu jukwaa la juu alikuwa anamjua kwa jina na hata kwa kikohozi, amekuwa mbegu. Bernice alishuka ngazi hadi Ofisi ya Huduma kwa Wageni akiwa amepandwa na hasira, akaomba kumwona mkubwa.

Mkubwa alikuwa Bwana Lindqvist, mtu mpole mwenye meno mazuri. Alimvutia kiti, akampa maji, akasikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Kwa hiyo unachotaka ni nini, Bi Wojtasik?"

"Jina lake. Kwenye ule ukurasa. Leon Wojtasik, basi. Hela zenu sizitaki."

Bwana Lindqvist akafungua Mwongozo ukurasa wa kumi na moja, akaugeuza ili Bernice aone.

"Unaona tatizo letu," alisema. "Majivu hayaruhusiwi uwanjani. Kama hayaruhusiwi, hayapo. Kama hayapo, zile ni nyasi."

"Zinarusha mpira."

"Nyasi zetu ni nzuri sana."

"Mwanangu, usinifanye mtoto. Nimemmwaga mwenyewe."

Bwana Lindqvist aliinua kiganja taratibu, kama mtu anayezuia gari lisimgonge mwenzake.

"Ngoja, Bi Wojtasik. Kabla hujasema lolote rasmi. Ukisema rasmi kwamba ni mumeo, itanibidi nifuate sheria. Italetwa mashine, tabaka lote la juu litang'olewa, na nyasi mpya zitawekwa. Mimi mwenyewe nitasikitika, na mji mzima utasikitika, na watajua ni nani aliyesema. Sheria ni msumeno, inakata huku na huku."

"Mbona naona inakata huku tu?"

Bwana Lindqvist alichukua kalamu, akaiweka juu ya karatasi, akauliza kwa upole kabisa, "Unasema ni yeye?"

Bernice aliangalia dirishani. Kule chini walikuwa wanamwagilia maji, na Leon alikuwa amelala ubavu anamwagiliwa, ametulia kama alivyokuwa akitulia Jumamosi akikatwa nywele. Jina lake liandikwe kisha ang'olewe, au abaki alipotaka kubaki na aitwe mbegu.

"Sisemi," alisema.

"Tunashukuru," alisema Bwana Lindqvist, akampa kuponi ya soseji.

Jioni ile alimweleza Odell, ambaye alikuwa anakunja meza ya mlangoni.

"Unajua alivyokuwa," alisema Odell. "Siku ya pete ya funguo nilimwambia tuandamane, akaniambia, Odell, watu wana kazi zao. Sasa yuko nyasini, shemeji. Anacheza. Mimi ningekuwa yeye nisingetaka kuamshwa."

"Wewe hujaoa mbegu."

"Hilo kweli," alisema Odell, na akamsindikiza hadi kituo cha basi.

Bernice aliendelea kwenda. Alikaa juu, alishangilia, na mechi ikifika katikati ya zamu ya saba kati ya tisa, pale uwanja mzima unaposimama kunyoosha viungo na kuimba, nyasi za Leon ziliinamia upande wa jukwaa la juu, ingawa upepo ulikuwa unatoka kwingine. Watangazaji walisema ni desturi ya nyasi hizo. Bernice alikuwa ananyanyua mkono kidogo tu, asije mtu akasema kwamba amesema.

Vuli ilipofika, Wafuachuma walikuwa wameingia fainali, jambo ambalo vizazi viwili vya Port Wendell vilikufa bila kuliona. Walishindwa. Wapinzani hawakuwa wajinga: waliipeleka mipira yote upande mwingine, kati ya kituo cha kwanza na cha pili, ambako nyasi zilikuwa nyasi tu. Leon alionekana akinyooka, akijivuta, akijaribu kufika. Hakufika. Watu walirudi nyumbani kimya, na theluji ikaanguka juu ya kiwanja ikafunika kila kitu.

Januari, Bwana Lindqvist alikuja nyumbani kwa Bernice na maua na bakuli la supu ya kuku. Alifuta viatu vizuri mlangoni. Alisifu mapazia. Akauliza kifua kinasemaje, kwani alisikia kuna kikohozi.

"Kipo," alisema Bernice. "Ni baridi."

"Na daktari anasemaje?"

"Anasema ni baridi."

"Vizuri, vizuri." Alikoroga chai yake muda mrefu kuliko inavyohitajika. "Na kwa umri wetu, mtu huanza kufikiria mipango. Umefikiria kuzikwa, labda, au ..."

"Au nini?"

"Ile njia nyingine."

Bernice alimwacha ahangaike kidogo na kijiko. Alikuwa ameshaelewa tangu alipoona supu.

"Klabu inawajali watu wake," alisema Bwana Lindqvist. "Sheria iko palepale, siwezi kuigusa. Ila pale Mlango C, kama mtu akifika na mfuko wa saizi inayokubalika, hakuna atakayeharakisha kuukagua. Upande wa kulia tuna udhaifu, Bi Wojtasik. Wewe mwenyewe uliona."

"Kutoka pale hadi alipo Leon ni mbali?"

"Si mbali hata kidogo, mnaweza hata kupasiana ..." Bwana Lindqvist akaweka kikombe chini, akajifuta midomo. "Alipo nani?" aliuliza.

"Na jina?"

"Jina la nani, Bi Wojtasik?"

Bernice alimsindikiza hadi mlangoni kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Kisha akakaa jikoni akilia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa chungu zaidi kwa kuwa walichokuja kumwomba ndicho alichokuwa anakitaka mwenyewe, usiku na mchana, tangu Aprili. Walimla mumewe akiwa hai, wanamla akiwa jani, na sasa wamemletea yeye supu ili anenepe. Na angeenda. Alijijua kwamba angeenda. Supu ilikuwa nzuri pia, aliimaliza.

Jumapili baada ya misa alimpigia Odell simu, naye Odell akaja na mpira na glavu ya mjukuu wake. Walifagia theluji kwenye njia ya gari, Odell akasimama upande wa barabarani na Bernice upande wa gereji, amevaa koti la Leon. Mpira wa kwanza ulimpita. Wa pili ukampiga kwenye kiatu.

"Inama, shemeji. Kule yote inakuja chini."

"Magoti hayakubali."

"Magoti yasikusumbue. Kule hutakuwa nayo."

Bernice alifikiria hilo, akaona ni kweli. Akajiweka sawa, akainama alivyoweza, akafungua glavu chini kabisa karibu na lami.

"Rusha tena," alisema.